Mtu wa Kumi na Mbili

Jina la Mtaalamu halikutoka chuoni. Alipewa na watu wa stoo ya idara ya maji, alikokaa miaka ishirini na mitatu akipokea na kutoa koki, viungio vya mabomba na makopo ya gundi, na walimpa kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema neno "sijui". Aliulizwa kuhusu koki, akajibu. Aliulizwa kuhusu shinikizo la damu, akajibu. Siku moja mhasibu alimuuliza kwa utani kwa nini paka akianguka hutua kwa miguu, akajibu kwa dakika arobaini, na chai ya watu ikapoa. Wakaanza kumwita Mtaalamu huku wakitazamana. Yeye alilipokea jina kwa mikono miwili. Hakuona kwamba wanamcheka. Alidhani walichelewa tu kumtambua.

Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na katika hizo hapakuwa na hata moja iliyoandika. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, hakumpiga mkewe, na ukoo wake uliweza kumtaja mbele ya watu bila kuinamisha uso, mradi mwenyewe asiwepo akaanza kuzungumza. Elimu yake yote ilitoka kwenye makasha. Wengine husoma vitabu, wengine magazeti. Mtaalamu alisoma kasha. Kilichochapwa ubavuni mwa kasha, hasa kikichapwa kwa herufi za dhahabu, kwake kilikuwa sawa na kiapo mahakamani. Birika likiandikwa kwamba linachemsha kwa dakika moja, basi linachemsha kwa dakika moja, na wewe uliyesimama dakika nne ukilingoja ndiye mwenye saa mbovu.

Kaka yake mkubwa, aliyekwisha kutangulia, alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa na duka la vyumba viwili, katikati ya duka la dawa na duka la vitambaa, na humo aliuza, alikodisha na kutengeneza projekta, zile mashine za kutupa picha kubwa ukutani. Kumbi za harusi zilimjua, shule zilimjua, na wenye nyumba zenye sebule kubwa waliotaka kutazama sinema wakiwa wamevua viatu walimjua. Chumba cha mbele kilikuwa na rafu na meza. Cha nyuma kilipakwa rangi ya kijivu iliyokolea, dari na yote, na ndani yake mlikuwa na kitambaa cheupe kilichoviringishwa kwenye bomba, kwa sababu kitambaa cha picha hakikunjwi kama shuka.

Katika chumba kile cha nyuma ndimo heshima ya nyumba ile ilimotengenezwa, na haikutengenezwa kwa maneno. Kila mashine iliyoingia, mpya au kuukuu, ya bei ya kutisha au ya bei ya kuchekesha, iliwekwa mita tatu kutoka kwenye kitambaa na kuonyesha picha moja ileile. Ilikuwa picha ya siku duka lilipofunguliwa. Ukoo umesimama mbele ya mlango: wazazi wamekaa kwenye viti, watoto wamechuchumaa mbele, mwenye duka ana shati jeupe, na nyuma kabisa, ndani ya kivuli cha mlango, amesimama mtu mwenye koti jeusi. Jumla watu kumi na wawili. Mashine ikionyesha, watu walihesabiwa. Wakitimia, kaka mtu alibandika ubavuni mwake karatasi ndogo ya buluu, ukubwa wa kiberiti, iliyoandikwa kwa mkono, "Wamehesabiwa: kumi na wawili," na chini yake jina lake kamili.

Mtu akimuuliza kwa nini asitumie picha ya maua au ya samaki wa rangi kama wenzake, alikuwa na jibu moja. "Nyekundu kila mashine inaijua," alisema. "Niletee mtu mweusi, mwenye koti jeusi, amesimama kivulini. Hapo ndipo nitajua kama hii mashine ina macho."

Na kweli, hapo ndipo mashine za hovyo ziliposhindwa. Mashine ya hovyo haiwezi kutoa giza. Pale panapotakiwa pawe peusi inamwaga ukungu wa majivu, na ukungu ule unachukua koti, unachukua uso, unachukua mlango, vyote vinakuwa kitu kimoja. Ukipunguza mwanga ili kuondoa majivu, panabaki shimo. Mji mzima ulijua habari za ile karatasi. Hata mtu anayeuziwa projekta kuukuu na jirani yake aliuliza kwanza, "Ina karatasi?"

Mtaalamu alikuwa akienda dukani kila Jumamosi. Alikalia kiti pekee cha wateja, akanywa chai ya kaka yake, na kuwaeleza wateja kwamba kaka yake ni mtu mzuri ila anapenda makuu, kwamba mashine za bei ndogo siku hizi zimeshazipita za bei kubwa, na kwamba anayelipa zaidi analipia jina. Kaka mtu alitabasamu na kuendelea kupangusa lenzi. Kuna watu ambao subira yao huwaharibu ndugu zao, na yule marehemu, pamoja na wema wake wote, alikuwa mmoja wao.

Alipofariki, ukoo ulitarajia mjane auze duka au alikabidhi kwa shemeji yake. Mjane alikuwa amefundisha jiografia sekondari kwa miaka mingi, na watu walimwita Mwalimu. Mtaalamu alijiandaa. Alinunua hata koti jipya la kukaa nalo dukani. Mwalimu aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akawamiminia chai, kisha akasema duka litafunguliwa Jumatatu saa mbili, na kwamba ufunguo mmoja atakaa nao yeye na wa pili binti yake, aliyejifunza ufundi tangu akiwa na umri wa kufikia meza. Mtaalamu aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba mtu aliyezoea kufundisha mito na milima hawezi kuelewa mwanga. Mkewe alimuuliza kama koti lirudishwe. Akalitundika kabatini.

Miaka minne alikaa na donge hilo. Halafu akaleta makasha.

Yalikuwa makasha kumi na manane, na yote yaliingia chumbani kwake, maana sebule ilikuwa na wageni wa mara kwa mara na stoo ya nyumba ilikuwa na mchwa. Mkewe aliyapanga ukutani, akatandika shuka juu yake, akawa anawekea nguo zilizopigwa pasi. Ndani ya kila kasha kulikuwa na projekta nyeupe, ya mviringo, ukiitazama unaweza kudhani ni bakuli la sukari. Ilikuwa nyepesi kama kasha lake. Lenzi ilikuwa ya plastiki. Feni yake ilikoroma. Lakini kasha, kasha lilisema mambo makubwa. Lumeni elfu tisa, yaani mwanga wa kuweza kutazama hata jua likiwa ndani ya nyumba. Picha ya kiwango cha juu kabisa. Rangi bilioni moja. Mtaalamu alisoma ubavu wote, akageuza, akasoma na ubavu wa pili, na alipomaliza alikuwa ameamini kama alivyoamini siku zote.

Bei yake ndiyo iliyomlewesha. Kwa bei ya mashine moja iliyokaa rafu ya juu dukani kwa shemeji yake, mtu angepata zake kumi na moja na chenji ya nauli. Aliwaeleza watu stoo, akawaeleza watu wa kinyozi, akawaeleza majirani mlango kwa mlango. Wote walimsikiliza. Wote waliuliza swali moja.

"Ina karatasi?"

Basi likawa ndilo jambo pekee maishani mwake. Bila karatasi ya buluu, yale makasha yalikuwa meza ya nguo za mkewe. Yakipata karatasi, jina la kaka yake, ambalo mjane aliendelea kuliandika, lingekaa ubavuni mwa mashine alizochagua yeye, na mji mzima ungejua kwamba katika ndugu wawili, aliyejua habari za mwanga hakuwa yule waliyemdhania. Ndivyo alivyojiambia. Kwamba jina lile lilikuwa pia la mjane, la binti, na la wazee wawili waliokaa kwenye viti katika picha, halikumpitia kichwani.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kwenda kichwa kichwa. Alijipima kwanza nyumbani. Mchana mmoja alifunga madirisha ya chumba, akawasha bakuli lake, akaonyesha picha ya ukoo ukutani, na kuhesabu kwa kidole. Baba, mama, dada wawili, shemeji, kaka, watoto watano, na yeye mwenyewe mlangoni. Kumi na wawili. Akahesabu tena kuanzia upande wa pili. Kumi na wawili. Alikaa kitandani na kucheka peke yake. Ilikuwa ndiyo hiyo tu, hiyo siri kubwa iliyofanya watu wamwamkie kaka yake kwa heshima barabarani. Kuhesabu mpaka kumi na mbili.

Mteja alimpata kwa kinyozi. Alikuwa Daktari mstaafu wa meno, mzee mpole aliyetaka kugeuza chumba cha watoto waliokwisha kuolewa na kuoa kiwe chumba cha sinema, yeye na mkewe. Alikuwa ameshaulizia dukani kwa Mwalimu, na bei ya rafu ya juu ilimfanya akae chini. Mtaalamu alimwambia asihangaike. Wakakubaliana kwamba mashine zote mbili ziletwe sebuleni kwa Daktari Jumamosi mchana, zitazamwe bega kwa bega, na ile ya Mtaalamu ikipata karatasi, Daktari ataichukua, na kaka zake wawili wataichukua pia.

Alipomfikishia Mwalimu habari hiyo, alitegemea mabishano. Alikuwa ameandaa hoja nne. Mwalimu aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake, akasema, "Haya, shemeji. Tutahesabu," na akarudi kusoma.

Jumamosi Mtaalamu alifika saa moja kabla ya wenzake. Alikuwa amevaa lile koti. Mke wa Daktari, aliyekuwa mshonaji wa nguo za harusi mpaka magoti yalipomkataza, alikuwa ameshusha mapazia ya kahawia na kuyabana katikati kwa vibanio vya nguo ili mwanga usipenye. Mtaalamu alimsifu, kisha akapanga meza. Bakuli lake aliliweka karibu kabisa na ukuta, ambapo picha huwa ndogo na hivyo huwa na mwanga mwingi. Nafasi ya mashine ya duka aliiweka kule mwisho wa chumba, nyuma ya kochi, picha itanuke mpaka ipauke. Aliridhika. Akaketi, akala biskuti mbili.

Mwalimu na binti yake walifika saa nane kamili. Binti alibeba mashine nyeusi, nzito, kwa mikono miwili, na Daktari mwenyewe akasaidia kupokea bomba lenye kitambaa. Binti alitundika kitambaa ukutani, akatoa futi kamba mfukoni, akapima mita tatu kutoka kwenye kitambaa, akaweka alama kwa chaki sakafuni, akaleta meza zote mbili kwenye alama.

"Baba mdogo, samahani," alisema, akilinyanyua bakuli la sukari kwa mkono mmoja kama anayeondoa kikombe mezani. "Zikae sawa kidogo."

Mtaalamu alisema alikuwa anapasha moto mashine tu.

Alianza yeye. Alikuwa amechagua filamu ya kasuku: kasuku mwekundu, kasuku wa njano, kasuku wa buluu, wote juu ya tawi na anga jeupe nyuma yao. Na lazima isemwe, ilipendeza. Rangi ziliruka kitambaani. Feni ilikoroma, lakini kasuku nao walipiga kelele, ikawa haisikiki sana. Kisha binti akaonyesha kasuku walewale kwa mashine ya duka, na pale Daktari aliinamisha kichwa upande, akavua miwani, akaivaa tena. Kasuku wa mashine ya duka walikuwa wametulia zaidi. Wekundu wao ulikuwa wa manyoya. Ule wa kwanza ulikuwa wa pipi.

"Mimi sioni tofauti kubwa hivyo, Mwalimu," Daktari alisema taratibu, kama anayeomba radhi. "Hii ya Mtaalamu naona hata imechangamka zaidi."

Mtaalamu hakuinuka, lakini alijaa ndani ya koti. Alimweleza Daktari kwamba jicho la binadamu lina kikomo, na kwamba ukivuka kikomo hicho unanunua majivuno. Akasoma kasha. Alisoma lumeni, akasoma rangi bilioni moja, akasoma kwamba mashine inapokea picha za kiwango cha juu kuliko zote duniani.

"Inapokea ndiyo, baba mdogo," binti alisema akifungasha waya. "Hata mimi napokea wageni mia. Lakini viti ninavyo sita."

Mke wa Daktari alicheka. Mtaalamu alimtazama binti wa kaka yake kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama aliyelelewa vibaya, na kumwambia Daktari kwamba vijana wa siku hizi wana mizaha. Binti hakubisha. Alionyesha tu kona za picha kwa ncha ya kalamu: katikati kasuku alikuwa na jicho kali, lakini wale wa pembeni walikuwa wameloa, manyoya yao yameyeyuka, na ukisogeza lenzi ili pembeni pakae vizuri, katikati pananyong'onyea. Daktari aliona. Lakini akasema, na alisema kweli, kwamba mtu hatazami kona. Akamuuliza Mwalimu kama kuna haja ya kuendelea.

"Bado hatujahesabu," Mwalimu alisema.

Mtaalamu alikuwa anaingoja hiyo. Aliinuka mwenyewe, akaweka picha ya ukoo, akasimama kando ya kitambaa na kunyoosha koti. Alikohoa. Akainua kidole kumwelekea baba yake kitini.

"Wewe kaa, shemeji," Mwalimu alisema. "Watu wa nyumbani hawahesabu."

Akabaki na kidole hewani. Mwalimu alimweleza Daktari, kwa sauti ileile ambayo aliitumia kuwaeleza watoto wa kidato cha pili habari za mikondo ya bahari, kwamba mtu aliyemo pichani au anayewajua waliomo hawezi kuhesabu. Anajua tayari nani kasimama wapi, na jicho lake litamjazia asichokiona. Mume wake alikuwa akitoka nje ya duka, akamwita mpita njia yeyote ambaye hajawahi kuiona picha ile, akamwomba ahesabu. Na mpita njia yule hakuitwa tena mara ya pili. Yeye mwenyewe, alisema, katika miaka minne hajawahi kuhesabu hata mashine moja. Anaandika tu alichosema mgeni. Ndiyo maana karatasi inasema wamehesabiwa.

Jumamosi ngapi Mtaalamu alikaa kwenye kile kiti, kikombe mkononi, akiwaona wauza magazeti na wapita njia wakiitwa ndani na kutoka. Alidhani kaka yake anajionyesha. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuliza wanaingia kufanya nini, maana kuuliza kungekuwa kukiri kwamba kuna kitu hakijui.

Mke wa Daktari ndiye aliyepewa kazi. Alisogeza kiti, akaweka mikono magotini, akatazama kitambaa kwa jicho la mtu aliyetoboa matundu ya vifungo kwa miaka thelathini. Alianza na watoto. Akapanda kwa wazazi. Akaenda kulia, akarudi kushoto.

"Kumi na mmoja," alisema.

Mtaalamu alimwomba ahesabu tena, mama, bila haraka. Akahesabu tena. Kumi na mmoja. Mtaalamu akasema mwanga umewekwa mdogo, akaupandisha mwenyewe, na mlango wa duka ukajaa majivu mpaka kizingitini. Kumi na mmoja. Akaushusha. Mlango ukawa shimo. Kumi na mmoja. Yeye alikuwa anamwona wa kumi na mbili waziwazi, pale pale, mabega na yote, na hakuelewa mama yule ana matatizo gani. Alikaribia kumuuliza mara ya mwisho alipima macho lini.

Binti aliwasha mashine ya duka.

Sebule ilibadilika. Weusi ulikuwa mweusi, na ndani ya weusi ule kulikuwa na vitu. Mbao za mlango zilionekana moja moja. Mikunjo ya sketi ya bibi ilionekana. Mke wa Daktari hakuhesabu hata mpaka mwisho.

"Aa. Kumbe kuna mtu mlangoni," alisema. Akasogea mbele kidogo. "Mrefu. Koti si lake hili, mikono imeishia juu ya kifundo. Na kifungo cha tatu si ndugu wa vifungo vingine, kimeshonwa kwa uzi mweupe." Akamgeukia Mwalimu kwa upole wa mtu ambaye hajui alichokigusa. "Maskini, koti la kuazima. Ni nani huyu?"

Binti aliinama akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Daktari alimtazama mtu wa pichani, akamtazama mtu wa kwenye kochi, akarudi kwenye picha.

"Ni mimi," Mtaalamu alisema.

Na pale, mahali ambapo mtu yeyote mwingine wa ukoo ule angenyamaza akaomba maji, yeye alipata hoja. Aliinua mkono. "Lakini tuwe wakweli," alisema. "Aliyekosekana ni mtu mmoja tu. Tena ni mimi mwenyewe, na sijalalamika."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani na kufuta macho kwa kona ya shati. Mkewe alimpiga kofi la goti, kisha naye akashindwa kujizuia. Mtaalamu aliwaangalia wote wawili. Alisubiri wamalize ili aendelee.

Mwalimu peke yake hakucheka. Huyu alikuwa mdogo wa mume wake, aliyekuwa akichekwa mbele ya watu kwa ajili ya ujinga wake, katika nyumba ya watu wa heshima, na jambo hilo halikumfurahisha kama ambavyo mtu angedhani. Alifungua mkoba, akatoa kijitabu cha karatasi za buluu, akachukua kalamu yake, kalamu inayoandika. Mtaalamu alipoona karatasi, moyo wake ulipanda. Ndiyo, bado ulipanda.

"Ulitaka karatasi, shemeji," Mwalimu alisema huku akiandika. "Sitakunyima. Lakini nitaandika kilichohesabiwa. Na ukiuza hata moja kwa kutaja jina la duka, itoke nyumbani kwako ikiwa na karatasi hii hii ubavuni."

Alibandika mwenyewe, akaisawazisha kwa kidole gumba. Mwandiko wake wa ubaoni ulikuwa mzuri kama kawaida. "Wamehesabiwa: kumi na mmoja." Chini yake aliandika jina lake mwenyewe, la mumewe hakuligusa.

Daktari hakuchukua bakuli, na wala hakuchukua mashine ya rafu ya juu. Binti alimwambia ukweli, kwamba kwa chumba kidogo chenye mapazia mazito kama yale, mashine ya rafu ya kati, iliyotumika miaka miwili, inatosha. Kati ya hiyo na ile nyeusi tofauti ipo, ila wachache wataiona, na kati ya hiyo na ya baba mdogo hata mbuzi ataiona. Akaalikwa mpita njia Jumatatu. Akahesabu kumi na wawili. Karatasi ikabandikwa.

Mtaalamu alirudi kwake na kasha lake kwapani. Njiani alisimama mara mbili kusoma karatasi, na kufika kwake alikuwa ameshaelewa ni nini kilichotokea. Mama yule alikuwa mzee. Kitambaa kilikuwa cha duka, kwa hiyo kilipendelea mashine ya duka. Kuhusu karatasi, kumi na mmoja kati ya kumi na wawili ilikuwa zaidi ya asilimia tisini, na hakuna shule duniani inayomfelisha mtu kwa alama hiyo. Alipofika mlangoni alikuwa ameshaibandua na kuibandika upya chini ya mashine, upande wa tumbo, ambako mashine ikikaa mezani hakuna anayesoma.

Chumbani mkewe alikuwa amempa mgongo, anapanga mashati yaliyopigwa pasi juu ya makasha kumi na saba. Mtaalamu alifunga madirisha, akawasha, akatupa picha ya ukoo ukutani. Alimwona mtu wa mlangoni mara moja. Alimwona kabisa, koti, mabega, uso.

"Mama watoto," alisema, "hebu hesabu hapa wako wangapi."

Mkewe alikuwa na kibanio mdomoni. Alikitoa. Hakugeuka.

"Kumi na wawili," alisema, akachukua shati lingine.

Mtaalamu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesubiri haki kwa muda mrefu na hatimaye akaipata, akavua koti, akampa alitundike.